Koki ya Chini

Upepo wa Dar una maji.
Shati uliloanika Keko asubuhi
jioni bado linakushika mkono.
Kompresa huuvuta upepo huo huo,
huukamua, huuminya, huupasha moto,
nao ukipoa tangini hutokwa jasho
kama mtu aliyekamatwa na uongo mdomoni.

Jasho hilo halina pa kwenda.
Hulala tumboni, chini kabisa,
likila chuma kidogo kidogo
bila kelele, bila kuomba chumvi:
chumvi limekuja nayo kutoka baharini.

Ndiyo maana aliyelichomelea aliweka koki chini.
Si urembo.
Jioni, mashine ikishazimwa,
mshale ukishashuka ukabaki kidogo wa kusukumia,
chuchumaa, zungusha taratibu,
uliache liteme:
kwanza ukungu,
kisha maji kama chai ya rangi,
kisha upepo mtupu unaopiga mluzi.
Koki uiache wazi mpaka kesho.
Dakika mbili, basi.

Nimeyajua haya miaka kumi na tisa.
Na langu sikulifungua masika mbili.
Koki ilishika; mimi nilikuwa na haraka,
magari ya watu yanasubiri rangi.
Siku nilipoligonga kwa nyundo
juu likajibu *nga*, kama kengele ya shule,
ubavuni *nga*,
chini: *pu*.
Kama papai.

Nikafanya ninachokijua.
Msasa, praima, bluu mikono mitatu.
Rangi yangu haina kasoro, waulize Keko nzima.
Kutu ya nje nilikuwa nayo dawa.

Akalinunua Sikudhani wa Mbagala Kizuiani,
aliyeuza friji lake la barafu za ubuyu
afungue banda la kuziba pancha.
Laki nne na nusu, noti za elfu mbili mbili
zilizokunjwa zikanukia vanila.
Akapitisha kiganja kwenye bluu:
"Kama jipya."
Nikasema, "Wewe litunze tu."

Tangu hapo kila Jumamosi nina safari ya Mbagala.
Nimepita tu, nasema.
Nachuchumaa, nafungua koki, natazama.
Wiki ya kwanza maji ya kahawia.
Wiki ya tatu yakatoka na magamba,
membamba kama maganda ya kitunguu.
Nikayafukia kwa kisigino.
Yeye huniletea soda, huwatangazia wateja,
"Fundi wa Keko hamtupi mtu wake!"
Soda ile huniganda kooni.

Mwanawe Kibwana hulipanda tangi kama punda,
miguu inaning'inia,
anafanya hesabu za darasa la tatu
na kuniuliza saba mara nane.

Jumamosi iliyopita nilifika mashine inanguruma.
Dereva wa Fuso anataka matairi sita.
Mshale umegota kwenye nane,
Kibwana yuko juu, penseli mdomoni,
na chini ya ngurumo ile nikasikia kitu chembamba,
kama mbu,
kinatoka tumboni mwa bluu yangu.

Nikazima.
Nikambeba mtoto na daftari lake, nikamweka mbali, kwenye benchi la muuza vocha.
Nikarudi, nikafungua koki yote.

Sikudhani akatoka, mikono myeusi ya mpira.
"Kuna nini?"
Dereva naye, "Kuna nini?"
Nikatafuta neno la kuanzia.
Miaka kumi na tisa ya ufundi, na neno sina.
"Sikudhani..." nikasema,
na hata sasa sijui
kama nilikuwa namwita
au naanza uongo mwingine.

"Abee," akaitika.
Akasubiri.

Maji yalikuwa bado yanatoka,
mekundu,
yanachimba kinjia mchangani
kuelekea kwenye ndara zake.